Mafuta Yanayoshika Pumzi: Kolesteroli na Kipimo Chake Ndani ya Pafu

Mhadhara uliotolewa Uvira mbele ya wauguzi, wakunga, walimu, wanafunzi wa tiba na wazazi

 

Niliombwa nizungumze juu ya mapafu. Nimechagua kitu kimoja tu ndani yake, tena kidogo mno: utando wa mafuta ambao hakuna jicho lililowahi kuuona bila chombo, na ambao bila huo hakuna hata mmoja wetu angemaliza sentensi. Kusudi langu ni kuonyesha jinsi seli za pafu zinavyoutengeneza utando huo, zinavyoupimia kolesteroli yake, na kwa nini kipimo hicho kinamhusu mtoto anayezaliwa kabla ya wakati katika kila materinite, kutoka Luvungi hadi Makobola. Nina hoja tano. Hazilingani kwa urefu, kwa sababu mambo yenyewe hayalingani kwa uzito.

1. Pafu limelowa, na maji huvuta

Naomba kijana aliyeketi mbele anisaidie. Nimeleta mifuko miwili ya plastiki, ile ile ambayo mama wa sokoni anakufungia ndagala. Mmoja ni mkavu. Mwingine nimeulowesha ndani, nikaukung'uta maji yote. Puliza ule mkavu. Umefunguka. Sasa puliza huu. Mnaona anavyovimbisha mashavu? Kuta zimegandana. Sikuweka gundi humo, ni unyevu tu.

Molekuli za maji huvutana. Iliyo katikati ya maji ina wenzake pande zote. Iliyo usoni, pale maji yanapokutana na hewa, haina mwenzake upande wa juu, basi huwavuta zaidi wale wa pembeni. Uso wote ukajikaza kama ngozi ya ngoma. Nguvu hiyo huitwa mvutano wa uso. Ndiyo inayomwezesha yule mdudu mwenye miguu mirefu kutembea juu ya maji tulivu pale Kalundu asizame.

Sasa ingieni ndani ya pafu. Mwaka 2004 watafiti waliohesabu kwa darubini walipata wastani wa vifuko vya hewa milioni 480 katika mapafu ya mtu mzima. Kila kifuko hakifikii hata nusu ya milimita kwa upana, na kila kimoja kimelowa ndani kama ule mfuko wa kijana wetu. Hesabu ya Mfaransa Laplace inatuambia kwamba kadiri kifuko kilivyo kidogo ndivyo maji yanavyokibana zaidi, hata kidogo kijimwage ndani ya kikubwa na kujifunga kabisa. Kwa kila pumzi tungelazimika kuvifungua upya vifuko milioni 480. Hakuna mbavu za kuiweza kazi hiyo.

Wa kwanza kuliona jambo hili alikuwa Kurt von Neergaard, huko Uswisi, mwaka 1929. Alilijaza pafu hewa akapima nguvu iliyohitajika, kisha akalijaza maji yenye chumvi. Likafunguka kwa wepesi zaidi likiwa na maji. Fikirini: maji yamekutana na maji, uso umetoweka, na mvutano wake umetoweka pia. Kwa karibu miaka 30 watu hawakumsikiliza. Mwaka 1955 Mwingereza Richard Pattle akagundua kwamba mapovu yatokayo katika pafu hayapasuki upesi kama mapovu mengine, na mwaka 1957 John Clements, huko Marekani, akalipima jambo lenyewe. Maji safi kwa joto la mwili huvuta kwa takriban milinewtoni 70 kwa kila mita. Ndani ya pafu lenye afya, mtu anapomaliza kutoa pumzi, nguvu hiyo hushuka hadi karibu na sifuri. Kuna kitu kimetandazwa juu ya maji yale. Kitu hicho huitwa safaktanti.

2. Seli inayopika mafuta haya

Ukuta wa kifuko cha hewa una seli za aina mbili. Aina ya kwanza ni bapa, nyembamba, na zimefunika takriban asilimia 95 ya eneo lote. Hewa hupita hapo kuingia katika damu. Aina ya pili ni nene, mviringo, zimejificha kwenye pembe, na hufunika kama asilimia 5 tu. Hizo ndizo wapishi.

Safaktanti ni mafuta kwa takriban asilimia 90, na protini kwa asilimia 10. Mafuta yake mengi ni fosfolipidi: molekuli yenye kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia. Ikifika usoni pa maji huzamisha kichwa na kuinua mikia hewani, ikajipanga bega kwa bega na wenzake, na zile molekuli za maji zilizokuwa zikivutana zikatengwa. Fosfolipidi iliyo kuu kuliko zote katika pafu ina mikia miwili ya asidi ya palmitiki.

Jina hilo lisipite hivi hivi. Mfaransa Edmond Frémy, mwaka 1840, aliipata asidi hii katika mafuta ya mchikichi, akaipa jina la mti huo. Takriban asilimia 44 ya asidi za mafuta zilizo katika mawese ni hii hii. Kwa hiyo kile kinachoteremshwa katika mabidoni kutoka Fizi na Baraka, kikatiwa kwenye sombe la jioni, kina undugu wa karibu na kile kinachoshika wazi vifuko vya pafu lako. Sisemi mtu anywe mawese kutibu kifua. Seli ya aina ya pili hujitengenezea asidi hiyo yenyewe. Nasema tu kwamba tunakijua kitu hiki, tumekishika mikononi tangu utoto.

Ikishatengenezwa, seli huipakia katika vifurushi vyenye matabaka mengi, tabaka juu ya tabaka, kama kitunguu. Mlango wa kuingizia mafuta katika kifurushi ni protini iitwayo ABCA3. Mwaka 2004 ilithibitika kwamba watoto waliozaliwa kwa wakati wao, wenye uzito mzuri, lakini wakafa kwa kushindwa kupumua, baadhi yao walirithi ABCA3 yenye kasoro. Mafuta yalikuwepo; kufungashwa ndiko kulikoshindikana.

Na nani anayeiambia seli imwage kifurushi? Pumzi yenyewe. Mwaka 1990 Wirtz na Dobbs walionyesha kwamba seli ya aina ya pili ikinyooshwa mara moja tu, kalisi ndani yake hupanda, na safaktanti hutoka. Kila baada ya dakika tano hivi, bila kujua, mtu huvuta pumzi moja ndefu kuliko nyingine. Sisi tunaposikia mtu ameshusha pumzi, husema ana mawazo. Huenda anayo. Lakini wakati huo huo mapafu yake yamejinyoosha na kujipaka mafuta mapya.

3. Kolesteroli: si nyingi, si kidogo

Hapa ndipo nilipotaka tufike, na hapa nitakaa zaidi.

Mkisikia kolesteroli mnafikiria moyo, shinikizo la damu, na daktari anayekukataza nyama ya mafuta. Mnafanya vyema kufikiria hivyo. Lakini ndani ya safaktanti yako, hata uwe na afya ya chuma, kiasi cha asilimia 5 hadi 10 ya uzito wake ni kolesteroli. Haikuingia kwa bahati mbaya. Imewekwa.

Nimeombwa nisitumie maneno magumu, basi turudi kwenye mawese. Bidoni la mawese hapa kando ya ziwa, mchana, humiminika. Lipandishe bidoni lile lile hadi Minembwe, likeshe na baridi ya mlimani. Asubuhi mama atalikuta limeganda, atalisogeza juani au karibu na moto kabla hajapata kijiko kimoja. Mafuta ni yale yale, kilichobadilika ni joto.

Ile fosfolipidi kuu ya pafu huyeyuka kwenye nyuzi joto 41. Mwili wetu una nyuzi 37. Maana yake, ikiachwa peke yake ndani ya kifua, ingekuwa kama bidoni la Minembwe: imeganda. Na ugumu huo una faida nusu. Unapotoa pumzi na kifuko kikajikunyata, utando mgumu ndio unaokataa kukunjika. Ndio unaokizuia kifuko kisijifunge. Lakini unapovuta pumzi na kifuko kikatanuka, mafuta yaliyoganda hayatandazwi kwa haraka. Yanabaki mabonge mabonge, na maji yakafunuka katikati yake. Pafu linataka mafuta yanayokakamaa wakati wa kutoa na kulainika wakati wa kuvuta, mara 15 hivi kwa dakika, maisha yote.

Kolesteroli ndiyo inayosaidia upande wa kulainika. Hujipenyeza kati ya mikia ya fosfolipidi na kuizuia isijipange kwa ukali mno. Ikipungua, utando hauenei vizuri. Ikizidi, hasara ni kubwa zaidi: watafiti wa Kanada walionyesha mwaka 2005 kwamba kolesteroli ikifika kama asilimia 20, safaktanti hupoteza uwezo wake wa kuushusha ule mvutano hadi karibu na sifuri. Utando unakuwa laini mno, unakunjika kifuko kinapokunjika. Katika mapafu ya wagonjwa mahututi waliopata jeraha kali la pafu, kolesteroli ndani ya safaktanti imekutwa imepanda.

Basi seli inajuaje imefika wapi? Ndani ya kila seli kuna tando zinazofanya kazi ya jiko, ambako mafuta hutengenezwa. Katika tando hizo imeketi protini iitwayo SCAP, na kazi yake ni kuonja. Kolesteroli ikivuka karibu asilimia 5 ya lipidi za utando huo, SCAP hubadilika umbo, ikashikwa na protini nyingine, INSIG, isiweze kuondoka. Kolesteroli ikishuka chini ya hapo, INSIG huiachia. SCAP husafiri ikiwa imeibeba protini ya tatu, SREBP, hadi mahali ambapo SREBP hukatwa mara mbili, na kipande chake huingia katika kiini cha seli kuwasha jeni. Jeni gani? Za kutengeneza kolesteroli na asidi za mafuta, na za kujenga milango ya kuipokea kolesteroli kutoka kwenye damu. Milango hiyo ndiyo iliyowapa Michael Brown na Joseph Goldstein wa Texas tuzo ya Nobel mwaka 1985. Na kolesteroli ikizidi, jeni nyingine huwashwa, za kujenga milango ya kutolea nje. Miwili kati yake huitwa ABCA1 na ABCG1.

Pafu hutegemea sana damu kwa kolesteroli yake. Sehemu kubwa ya iliyomo katika safaktanti haikutengenezwa pale pale, imepokelewa mlangoni. Najua swali linalokuja, maana mama mmoja ameniuliza mlangoni kabla hatujaanza: je, nikiacha mayai, mapafu yangu yatakuwa safi? Hapana, mama. Panya walioondolewa jeni ya ABCG1 mapafu yao yalijaa kolesteroli ingawa walilishwa chakula cha kawaida kabisa. Lililoharibika ni mlango wa kutokea. Sahani haikuwa na hatia. Mayai mjadili na daktari wako kwa ajili ya mishipa na moyo.

Na sasa niruhusuni niwapeleke ziwani. Tanganyika ina kina cha mita 1,470, na samaki wake wengi huvuta hewa iliyoyeyuka majini kwa mashavu. Lakini kwenye vinamasi vya kando yake yuko kamongo, samaki mrefu wa kufanana na nyoka, ambaye ana mapafu kama sisi. Lazima apande juu kila mara kuvuta hewa. Ukimzuia chini ya maji, samaki huyo anazama na kufa kama mtu. Ana mapafu, basi ana maji ndani ya mapafu, basi ana tatizo lile lile la mfuko wa plastiki. Na ana safaktanti.

Mwaka 1995 Sandra Orgeig na Christopher Daniels, wa Adelaide, Australia, walilinganisha samaki wenye mapafu wa mabara matatu. Yule wa Australia, aliye wa ukoo wa kale zaidi, ana safaktanti ya kisamaki, yenye kolesteroli nyingi ikilinganishwa na fosfolipidi zake. Wa Afrika, ndugu wa kamongo wetu, na wa Amerika ya Kusini, safaktanti yao inafanana zaidi na ya vyura. Kadiri wanyama walivyohamia nchi kavu na miili yao ikapata joto, kolesteroli ilipungua na zile fosfolipidi ngumu zikaongezeka. Kipimo kilibadilika pamoja na joto.

Watafiti hao hao na wenzao wakaona kwamba kipimo hubadilika hata ndani ya mnyama mmoja kwa muda wa saa chache. Kuna mnyama mdogo wa Australia, mwenye mfuko kama kangaruu lakini mdogo kama panya, ambaye siku za njaa na baridi huuacha mwili wake upoe, akalala kama mfu. Mwili ukipoa, mafuta ya pafu yanataka kuganda. Na katika saa hizo chache za kupoa, kolesteroli katika safaktanti yake huongezeka, na utando ukabaki laini. Akiamka na kupata joto, hushuka tena. Seli hazina kipimajoto cha kusoma, lakini zinapima.

Ndiyo sababu nasikitika kila ninaposikia kolesteroli ikiitwa sumu. Wakunga wenzangu, mnajua kwamba hata maji yana kiasi kinachoua.

4. Wanaofagia

Safaktanti iliyochakaa haina budi kuondolewa. Sehemu kubwa hurudishwa katika seli za aina ya pili ikapakiwa upya. Inayobaki humezwa na makrofaji, seli zinazotembea ndani ya kifuko zikila vumbi, moshi wa makala na vijidudu. Makrofaji huweza kuvunja fosfolipidi. Kolesteroli haiwezi kuivunja. Inalazimika kuisukuma nje kupitia ile milango ya ABCG1. Na ili milango ifanye kazi, makrofaji inahitaji ishara iitwayo GM-CSF. Mwaka 1994 panya waliokosa ishara hiyo walijaa safaktanti mapafuni, na mwaka 1999 watafiti wa Japani wakaonyesha kwamba kuna watu ambao miili yao hutengeneza kingamwili dhidi ya GM-CSF yao wenyewe. Makrofaji zao huvimba, zikajaa matone ya kolesteroli hadi zinaonekana kama povu, na mgonjwa hukosa pumzi. Ni ugonjwa adimu.

Usio adimu kwetu ni kifua kikuu. Mwaka 2008 Pandey na Sassetti walionyesha kwamba bakteria wa kifua kikuu, akiwa amejificha ndani ya makrofaji, hujilisha kolesteroli ya yule aliyemmeza. Ana njia yake maalumu ya kuiingiza. Yaani ghala tuliloshindwa kulisafisha ni chakula cha adui. Hii ni sababu moja zaidi ya kumwambia mtu anayekohoa wiki mbili asingoje ya tatu, akapimwe makohozi, dawa zipo.

5. Mtoto aliyewahi

Miaka mingi iliyopita, katika kituo kimoja cha afya ambacho sitakitaja, usiku wa mvua, mama alishushwa kwenye pikipiki akiwa na uchungu. Alijifungua kabla hatujamaliza kuwasha taa ya pili. Mtoto alilia mara moja. Kisha akaanza kukoroma kila alipotoa pumzi: mm, mm, mm. Chini ya mbavu ngozi ilikuwa ikizama ndani kila alipovuta, hata ungeweza kuweka kidole katika lile shimo. Bibi aliyemsindikiza mama alisema, "Anasema na sisi." Hakuwa akisema na sisi. Mtoto yule alikuwa akibana koo lake ili hewa isitoke yote, ili vifuko vyake visijifunge. Alikuwa akifanya kwa koo kazi ambayo ilipaswa kufanywa na mafuta. Aliifanya hadi alfajiri, akachoka.

Nilichukua kadi ya kliniki ya mama yule. Pale panapoandikwa siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, palikuwa patupu, na bila tarehe hiyo hatukuweza kujua mimba ilikuwa na wiki ngapi.

Seli za aina ya pili huanza kuonyesha vifurushi vyake kuanzia wiki ya 24 hivi ya mimba, lakini safaktanti ya kutosha haipatikani hadi karibu wiki ya 34 au 35. Mwaka 1959 Mary Ellen Avery na Jere Mead walionyesha kwamba watoto njiti waliokufa kwa kukosa pumzi mapafu yao yalikosa utando huu. Miaka minne baadaye, tarehe 7 Agosti 1963, Patrick, mwana wa Rais John Kennedy wa Marekani, alizaliwa akiwa na wiki 34 na nusu. Aliishi siku mbili. Nchi yenye fedha kuliko zote haikuwa na dawa ya kumpa.

Kuna usemi kwamba mtoto wa miezi saba hupona kuliko wa miezi minane. Naomba wazee wanisamehe: pafu halijui usemi huo. Kila wiki inayoongezeka tumboni, vifurushi huongezeka.

Leo tuna nini? Kwanza, mwaka 1972 Liggins na Howie wa New Zealand walionyesha kwamba mama anayetishiwa na uchungu wa mapema akichomwa sindano ya steroidi, pafu la mtoto hukomaa haraka: seli za aina ya pili huongeza kazi, na maji ya pafu huanza kukauka. Pili, mwaka 1980 Tetsuro Fujiwara wa Japani aliwapa watoto kumi safaktanti iliyotoka katika mapafu ya ng'ombe, akaiingiza kupitia mrija wa koo, nao wakapata pumzi. Dawa hiyo ipo hadi leo, lakini bei yake na ujuzi unaohitajika vimeiweka mbali na vituo vyetu vingi. Steroidi, hasa deksametasoni, ni ya bei nafuu. Miligramu 6 katika msuli, kila saa 12, mara nne.

Wauguzi, msiandike bado. Nayo ina kipimo chake. Utafiti wa nchi sita, Kenya na Zambia zikiwamo, uliotangazwa mwaka 2015, ulieneza sindano hii hadi vituo vya chini. Ukakuta kwamba watoto wadogo zaidi hawakunufaika, na vifo vya watoto wachanga kwa jumla viliongezeka. Wanawake wengi waliochomwa hawakujifungua mapema kabisa. Walibeba hadi mwisho. Dawa ilimfikia mtoto asiyeihitaji. Kisha mwaka 2020 ukatoka utafiti mwingine, Kenya ikiwamo tena, pamoja na Nigeria, India, Pakistan na Bangladesh, wanawake 2,852. Safari hii ilikuwa katika hospitali zenye uwezo wa kumtunza mtoto njiti, na umri wa mimba ulipimwa kwa ultrasaundi. Katika kundi lililopata deksametasoni walikufa watoto 196 kwa kila 1,000. Katika kundi lingine 235. Sindano ni ile ile. Tofauti ilikuwa ni kujua wiki ya mimba, kumkinga mama na maambukizi, na kuwa na mahali pa kumpokea mtoto.

Na mtoto akishatoka, joto. Baridi hudhoofisha utengenezaji wa safaktanti, na mnakumbuka bidoni la Minembwe. Mwaka 2021 utafiti uliofanyika Tanzania, Malawi, Ghana, Nigeria na India ulionyesha kwamba mtoto mwenye uzito chini ya kilo 1.8 akiwekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, mara tu anapozaliwa, bila kungojea aonekane ametulia kwanza, vifo hushuka kutoka 157 hadi 120 kwa kila 1,000. Kifua cha mama kipo Sange, kipo Mboko, kipo katika kila nyumba. Hakihitaji umeme wala fedha.

Namalizia kwa kutazama mbele. Mji huu una Kituo cha Utafiti wa Hidrobiolojia, na una vijana wanaosomea tiba. Watafiti wa kituo wanamjua samaki, vijana wa tiba wanalijua pafu. Natamani siku moja wakae meza moja, wampime kamongo wa vinamasi vya Ruzizi, watuambie kolesteroli ya safaktanti yake hufanya nini maji yanapopoa msimu wa kiangazi. Kazi hiyo ifanyike hapa, iandikwe na mtu wa hapa.

Lakini sitaki mtoke na kamongo peke yake. Kwenye barabara ya taifa namba 5, kaskazini na kusini mwa ukumbi huu, kuna akina mama leo hii wenye mimba ya miezi miwili ambao bado hawajaenda kliniki. Kila mmoja wenu anamjua mmoja wao. Mwambieni aende mwezi huu, akiwa bado anaikumbuka tarehe. Na wewe uliye nyuma ya meza ya kliniki, hata foleni iwe imefika barabarani, muulize siku ya kwanza ya hedhi yake ya mwisho, na uiandike.